Nyumba Yetu: Meza fupi, ukuta mweupe, na kabati ya mama mkwe



Juma lililopita, tulipomaliza kugawanya likelemba, dada yetu mmoja aliyekuwa amefikiwa na zamu alitoa telefoni yake akatuonyesha foto. Saloni yenye ukuta mweupe. Meza moja fupi ya mbao isiyopakwa rangi, mito miwili chini, chungu kimoja chenye tawi moja la mti. Basi. Telefoni ikazunguka mkono kwa mkono, na mama mmoja mzee kati yetu akauliza: "Hawa watu wanahama ao wanahamia?" Tulicheka mpaka machozi.

Lakini dada yule hakucheka. Yeye na mume wake wamemaliza kujenga nyumba ya mbao kwenye parsela yao, wanaingia kabla ya mwisho wa mwezi, na ile pesa aliyoishika mkononi ndiyo pesa yote ya vyombo vya nyumba. Anataka saloni ya kwenye foto. Tena nyuma ya foto kuna jambo lingine, alilolisema kwa sauti ya chini: kabati kubwa ya vioo aliyopewa na mama mkwe siku ya ndoa, pamoja na vikombe na sahani zake zote, haina nafasi katika saloni ya namna ile. Mume anasema kabati ya mama yake haitoki. Majuma mawili sasa wanasalimiana kama majirani. Akatuomba tuandike juu ya jambo hili bila kumtaja jina. Sisi tunaoshughulika na ukurasa huu tumekaa, tumesoma, tumeuliza mafundi, tumebishana. Haya ndiyo tuliyopata.

Mtindo ule unaitwa Japandi. Jina limeshonwa kwa vipande viwili: Japani, na Skandinavia, ndiyo kusema Denmark, Uswidi na Norwe. Wengi huingiza humo na watu wa Ufini pia. Jina ni la miaka hii tu, lakini mambo yenyewe ni ya zamani, na pande zote mbili yalizaliwa na shida. Tulitaka dada yetu alijue hilo kwanza, maana foto inaonyesha uzuri, haionyeshi shida iliyouzaa.

Tuanze na Japani. Nchi ile inatetemeka, na ina milima ya moto. Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa zaidi. Nyumba zao za zamani zilikuwa za mbao na karatasi, nyepesi, na mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, uliungua mara nyingi sana. Wakati fulani watu wenye mali walitengeneza masanduku makubwa yenye magurudumu, ili moto ukianza wavute mali yao yote na kukimbia nayo. Mwaka 1657 ulitokea moto mkubwa kuliko yote, na masanduku yale yakajaa barabarani, yakafunga njia, watu wakakosa pa kupita. Baadaye serikali ikayakataza kabisa.

Tuliposoma hayo tukanyamaza kidogo. Kati yetu kuna aliyekimbia lava ya Januari 2002 na matela kichwani, akalitupa njiani. Mei 2021 wengi wetu tulitoka tena, na kila mmoja anajua ni kitu gani alishika mkononi na ni kitu gani aliacha kwenye saloni. Hakuna aliyeshika fotei. Kwa hiyo tukisema Wajapani walijifunza kuishi na vitu vichache, tusifikiri ni watu waliochoka na uzuri. Ni watu waliokwisha kukimbia.

Halafu vyumba vyao ni vidogo, na chumba kimoja kinafanya kazi nyingi. Mchana mnakaa, jioni mnakula, usiku mnalala pale pale. Ndiyo maana meza ni fupi na nyepesi: inainuliwa na kusimamishwa kando ya ukuta. Matandiko yao, futon, yanatandikwa chini usiku, na asubuhi yanakunjwa na kuwekwa ndani ya kabati la ukutani lenye mlango wa kusukuma. Chini kuna mikeka minene inayoitwa tatami, ya majani ya mpunga ndani na nyasi iliyofumwa juu, karibu sentimita 180 kwa 90 kila mmoja. Mpaka leo mtu wa Japani anaweza kukuambia ukubwa wa chumba kwa kuhesabu mikeka: chumba cha mikeka sita, chumba cha mikeka minane. Na hakuna mtu anayekanyaga mkeka ule na viatu. Mlangoni kuna sehemu ya chini kidogo ya kuvulia viatu, kisha unapanda ndani.

Milango ya ndani ni ya fito na karatasi, inapitisha mwangaza laini. Na watoto wa Japani ni watoto kama wetu: wanatoboa karatasi kwa kidole. Zamani mama alikata karatasi mpya kwa umbo la ua, akabandika juu ya tundu. Mwisho wa mwaka ndipo karatasi yote ilibadilishwa. Sisi kile kiraka cha ua kimetufurahisha kuliko meza zote za kwenye foto.

Upande wa Skandinavia shida ni nyingine: giza. Huko Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa 9 za alasiri. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Fikirieni watoto wamefungiwa ndani wakati wote huo. Ndiyo sababu kuta ni nyeupe, mbao ni za rangi ya uji, rido ni nyepesi ao hakuna: kila tone la mwangaza linakusanywa kama sisi tunavyokusanya maji ya mvua chini ya bati.

Na huko kuna mama mmoja tunayetaka mumjue. Anaitwa Karin Larsson. Alisoma kuchora pamoja na wachoraji wengine, akaolewa na mchoraji Carl Larsson, akazaa watoto wanane, na brashi akaiweka chini. Lakini mikono haikulala. Katika nyumba yao ya kijijini Sundborn alifuma mapazia na vitambaa vya meza, akachora viti na meza akavipeleka kwa fundi wa kijiji, akashona nguo za watoto na zake mwenyewe. Mume alichora picha za nyumba ile, zikatoka katika kitabu mwaka 1899, na jina lililokuwa juu ya kitabu ni la mume. Nchi nzima ikaanza kupanga nyumba kama ile. Mwaka huo huo wa 1899 mwanamke mwingine wa Uswidi, mwandishi Ellen Key, alitoa kitabu chake juu ya uzuri kwa watu wote, akisema nyumba nzuri si haki ya matajiri peke yao. Kwa hiyo mtindo huu tunaouonyeshwa leo na wauzaji wa vitu vya bei kali, kwa sehemu kubwa uliotwa na mama wa nyumbani aliyefanya kazi na fundi wa kijiji chake. Hilo hatukulijua, na tumeona vema mlijue.

Namna pande hizi mbili zilivyokutana tutaipita haraka. Merikebu za Marekani zilifika Japani mwaka 1853, na baada ya hapo nchi ile iliyokuwa imejifunga ikaanza kufunguka. Picha na vyombo vyake vikafika Ulaya, na wachoraji wakavipenda sana, Carl Larsson akiwamo. Mwaka 1935 nyumba ya chai ya Kijapani ilijengwa kwenye jumba la makumbusho huko Stockholm. Mjenzi maarufu wa Ufini, Alvar Aalto, naye alichukua mengi kutoka kule. Walielewana upesi kwa sababu wote walikuwa wanapenda mbao, na wote wanaona haya kujionyesha.

Msidhani lakini kwamba kila nyumba ya Japani iko kama foto. Nyumba nyingi za Tokyo zimejaa mpaka mlangoni. Kama si hivyo, yule Marie Kondo asingeuza vitabu vyake vyote vya kufundisha watu kupunguza vitu, cha kwanza kikubwa kilitoka mwaka 2011. Na mwaka 2023, akiwa sasa mama wa watoto watatu, alisema wazi kwamba nyumbani kwake mpango si ule tena, na kwamba muda na watoto umekuwa muhimu kwake zaidi. Wamama, tulipiga vigelegele.

Sasa turudi kwetu. Dada yetu, tunakusemesha wewe moja kwa moja.

Ukuta mweupe. Jua letu linachomoza karibu saa 12 na kuzama karibu saa 12, mwaka mzima. Giza si adui yetu. Adui zetu ni mavumbi meusi ya mawe ya lava na moshi wa makala. Ukuta mweupe kama karatasi utakuwa na alama za mikono ya watoto kabla ya Jumapili, na ni nani atakayeusugua? Si mume, si mwenye foto. Paka rangi ya uji wa mtama ao ya mchanga kuanzia chini mpaka kimo cha mtoto, na nyeupe juu yake. Na mbabula itoke ndani. Hili tunalisema hata kwa mtu asiyetaka saloni yoyote, kwa sababu moshi wa makala unaua watu waliolala.

Kitanda cha chini. Hapa tulibishana sana, na waliosema hapana wameshinda. Kwenye foto matela iko karibu na sakafu na inapendeza. Lakini kule Japani futon inaondolewa kila asubuhi na inaanikwa juani, kwa sababu wanajua unyevu wa mwili unashuka chini na kuotesha ukungu. Ukiacha matela ya spanji juu ya simenti wakati wa mvua, geuza baada ya mwezi uone rangi yake. Mmoja wetu aligeuza. Alitupa matela. Kama unataka kitanda kifupi, fundi akifanye cha vipande vya mbao vyenye nafasi katikati, kiinuke walau shubiri mbili, ufagio upite chini, na chandarua kiwe na mahali pa kufungiwa. Foto hazina chandarua. Watoto wetu wanacho.

Viatu mlangoni, hiyo ndiyo zawadi kubwa ya Japani kwa mwanamke mwenye kufagia. Nyumba inachafuka nusu. Lakini mgeni mwenye heshima usimwambie avue. Weka benchi fupi mlangoni na viatu vyenu vimepangwa chini yake, ataona mwenyewe. Akipita na viatu, acha apite. Mkeka utafagiliwa.

Kuhusu kukaa chini: wewe una miaka 26, magoti yako ni mazuri. Koko akija kukutembelea utamwinua na nini? Na siku ya kilio, ama siku zamu ya kikundi inapoangukia kwako, watu 20 watakaa wapi kwenye mito miwili? Wajapani wenyewe wana mito mingi imepangwa kabatini, inatoka wageni wakija. Sisi tunashauri benchi mbili ndefu kandokando ya ukuta, zenye kimo cha kawaida, na mikeka imezungushwa imesimama kwenye kona. Na kiti kimoja chenye mgongo na mikono kwa ajili ya wazee. Kile kinaweza kuwa cha kekele, cha fito za porini. Mjue kwamba kiti kimoja kinachosifiwa sana cha Denmark, alichokichora Hans Wegner mwaka 1949, makalio yake yanafumwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi ya karibu mita 120. Watu wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho wafumaji wetu wangekitazama na kusema, tuonyeshe tu.

Na hapo tunafika kwenye pesa. Dada yetu alikuwa ameonyeshwa mjini meza ya kuagizwa kutoka nje, "Japandi kamili", na aliambiwa atoe nusu kwanza. Tulienda kuiona. Juu inafanana na mbao. Tulipotazama chini, kwenye ukingo, ni unga wa mbao uliokandamizwa na kufunikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Maji ya kikombe kimoja yakiingia kwenye ule ukingo, inavimba kama mkate. Tulimwambia aweke pesa yake mfukoni, na tunafurahi alitusikiliza kabla ya kutoa ile nusu, maana mwingine kati yetu alikwisha kuitoa mahali pengine na hakuiona tena.

Tukaenda kwa fundi. Alisema libuyu ni nzuri lakini ni nyekundu, haitafanana na foto. Mkalitusi ni mweupe zaidi, ila ukitengenezwa mbichi unapinda na kupasuka. Kama anayetengeneza chukudu anajua kuchagua mti utakaobeba magunia kwenye mteremko, basi wa meza hatashindwa. Shauri lake: lipia mbao sasa, ziache zikauke kwake zimepangwa na vijiti katikati, meza itoke baadaye. Ingieni kwenye nyumba na benchi kwanza. Kuingia bila meza si haya. Kwenye foto yenyewe hakuna vitu, nani atajua?

Usipake vanishi ya kung'aa. Huko Denmark meza na sakafu nyingi za mbao zinatunzwa kwa sabuni nyeupe tu: sabuni safi inakunwa, inayeyushwa katika maji ya moto, inapakwa kwa kitambaa, inaachwa ikauke, na kila baada ya muda inarudiwa. Jaribu kwanza chini ya meza, maana sabuni zetu nyingine ni kali na zinaweza kutia doa mbao nyekundu.

Imebaki kabati.

Katika nyumba ya zamani ya Japani kuna nafasi ndogo ukutani ambamo wanaweka kitu kimoja cha thamani, pengine picha moja na ua moja, na majira yakibadilika kinarudi ndani, kinatoka kingine. Hawakutupa vilivyobaki. Vimefungwa katika kitambaa na kuwekwa. Tulimwambia dada yetu hilo, akafurahi. Tulimwambia mume wake, akasema hiyo ni njia ya wanawake ya kuficha mali ya mama yake. Kwa hiyo wawili kati yetu, wale wenye mvi, tulikwenda wenyewe kwa mama mkwe, na nusu kilo ya sukari mkononi kama inavyopasa.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mimi sikuwapa kabati. Niliwapa vikombe."

Akatueleza. Vikombe vile alinunua kimoja kimoja kwa faida ya sambaza, akiuza kando ya ziwa, miaka mingi. Mwaka 2002 kabati ya kwanza iliungua pamoja na nyumba. Vikombe alikwisha kuvifunga katika kitenge, akavitia ndani ya beseni la sambaza, akavuka navyo mpaka Gisenyi. Kimoja tu kilivunjika mkono. Kabati ya sasa ni ya pili, aliinunua baadaye ili vikombe visikae kwenye beseni. "Kama huyu mtoto anataka ubao mmoja ukutani na vikombe vyangu juu yake, watu wavione wakiingia, mimi nina neno gani? Ila kile kisicho na mkono asikifiche. Kisimame mbele."

Wajapani wana ufundi wa kuunganisha kikombe kilichovunjika kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, ili ufa uonekane na kuheshimiwa. Mama yetu huyu hana dhahabu, na mkono wa kikombe ulibaki njiani, lakini hakuhitaji kufundishwa.

Kabati yenyewe anaitaka irudi kwake. Ana kibutiki kidogo mbele ya nyumba, na mikate yake inaliwa na nzi. Vioo vile vitaikinga. Mume alipoambiwa alinyamaza, kisha akauliza kama ubao wa ukutani utakuwa na nguvu ya kutosha. Fundi anaweka vyuma vitatu badala ya viwili.

Kabati inasafirishwa Jumamosi asubuhi kwa chukudu, kama mvua haitanyesha. Vioo vitatolewa kwanza na kubebwa kwa mkono, mbali na mbao. Tunahitaji wamama wanne wa kubeba vioo, na blanketi mbili za zamani za kuvifungia. Mwenye nafasi afike saa 2, kwenye parsela mpya, nyuma ya mashine ya kusaga. Viatu mtaviacha mlangoni.